Sindano, Mbwa na Moyo Uliochoka: Madai Sita na Majibu Yake

Elamipretide ni peptidi fupi sana: asidi amino nne tu zilizounganishwa maabara. Iliasisiwa na Hazel Szeto na Peter Schiller, na jina lake la mwanzo, SS-31, limebeba herufi za majina yao. Mwaka 2016 jarida la Circulation: Heart Failure lilichapisha jaribio la Hani Sabbah na wenzake wa Hospitali ya Henry Ford, Detroit. Mbwa wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi sawasawa walichomwa dawa hiyo kila siku kwa miezi mitatu, na mioyo yao ikasukuma damu vizuri kuliko mwanzo.

Tangu hapo jaribio hilo limepata mawakili wengi wasiolisoma. Muuzaji wa vichupa vya peptidi hulitaja kama ushahidi wa tiba. Mpinga majaribio ya wanyama hulitaja kama mfano wa ukatili usiozaa kitu. Mwenye mbwa mgonjwa hulitaja kwa sababu anatafuta tumaini. Nimeyakusanya hapa madai sita yanayosikika mara nyingi, ya kusifu na ya kuponda, nikayajibu moja baada ya jingine. Msimamo wangu nautaja mapema: lilikuwa jaribio zuri lililouliza swali dogo na kulijibu kwa uangalifu. Makosa karibu yote huanza pale linapotwishwa maswali ambayo halikuyauliza.

Dai la kwanza: "Mbwa wale walipona"

Hawakupona. Walikuwa mbwa 14, wakagawanywa bila upendeleo katika makundi mawili ya saba saba. Kundi moja lilipata miligramu 0.5 za dawa kwa kila kilo ya uzito, kwa sindano chini ya ngozi mara moja kwa siku. Kundi la pili lilichomwa maji ya chumvi tu, ili kuwe na cha kulinganisha nacho.

Kipimo kikuu kilikuwa sehemu ya damu inayotoka kwenye ventrikali ya kushoto kila moyo unapobana. Moyo mzima hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Mbwa waliopata dawa walianza na wastani wa asilimia 30 wakamaliza na 36, na wenzao wa maji ya chumvi hawakupata nafuu hiyo. Kwa miezi mitatu ya dawa moja, hilo ni badiliko la kuheshimiwa. Lakini hebu tulipime kwa mizani ya wanadamu. Jaribio la PROGRESS-HF, lililokuja baadaye, lilipokea wagonjwa ambao kipimo chao kilikuwa asilimia 40 au chini ya hapo. Kwa hiyo mbwa aliyefika 36 angekuwa mtu, bado angesajiliwa kama mgonjwa.

Tena jaribio halikupangwa kuhesabu nani ataishi muda gani. Miezi mitatu ilipokwisha, watafiti walichukua tishu za moyo ili kuzichunguza seli zenyewe, na ndiko mafanikio makubwa ya kazi ile yaliko. Mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nishati, zilifanya kazi vizuri zaidi kwa mbwa waliotibiwa, na katika damu yao viashiria vya moyo kuelemewa na vya uvimbe vilishuka. Matokeo hayo yanakubaliana na jinsi dawa inavyodhaniwa kufanya kazi: hushikamana na kadiolipini, aina ya mafuta iliyomo kwenye utando wa ndani wa mitokondria, ikausaidia utando huo kubaki na umbo linaloruhusu nishati kutengenezwa. Anayesema mbwa walipona amekosa mara mbili: ametia chumvi kwenye nafuu ya moyo, na amelisahau jambo lililothibitishwa vizuri zaidi, yaani kilichotokea ndani ya seli.

Dai la pili: "Kilichomfaa mbwa kitamfaa na mtu, kwani mioyo yao inafanana"

Mioyo inafanana, ugonjwa haukufanana. Mbwa wa Detroit hawakuugua wenyewe. Maabara ya Sabbah hutumia mbinu iliyoielezea tangu mwaka 1991: vijipira vidogo mno vya plastiki hupitishwa kwa mrija hadi kwenye mishipa inayoulisha moyo, vikaziba njia ndogo za damu. Zoezi hurudiwa mara kadhaa mpaka kipimo cha msukumo kishuke hadi karibu asilimia 30. Matokeo yake ni moyo uliodhoofika kwa kukosa damu, ndani ya mnyama ambaye kabla ya hapo alikuwa mzima, asiye na kisukari, asiye na figo mbovu, asiye na miaka ishirini ya shinikizo la damu.

Kuna tofauti nyingine ambayo wachache huitaja. Mbwa wale walipewa elamipretide peke yake. Binadamu anayeingia kwenye jaribio la namna hii huwa tayari anameza dawa kadhaa zilizokwisha kuthibitishwa, kwa hiyo dawa mpya hulazimika kuonyesha inaongeza nini juu ya hizo. Hapo ndipo nyingi huangukia.

Matokeo kwa watu yanajulikana. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2017 liliwapa wagonjwa dawa kwa dripu ya saa nne, mara moja tu. Waliopata kipimo kikubwa zaidi walionyesha ventrikali iliyopungua ukubwa kidogo, ishara njema. Kisha ikaja PROGRESS-HF, iliyochapishwa mwaka 2020: wagonjwa 71, sindano kila siku kwa siku 28, na picha za MRI kupima damu inayobaki ndani ya ventrikali baada ya moyo kubana. Hakukuwa na tofauti ya maana kati ya waliopata dawa na waliopata sindano tupu. Watetezi wa dawa husema siku 28 ni chache, na mbwa walipewa miezi mitatu. Hoja hiyo ina uzito, ila uzito wake ni wa kuomba jaribio lingine. Haiwezi kuhesabiwa kuwa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi.

Wala elamipretide si ya kwanza kupitia njia hii. Mwaka 2004 Lazaros Nikolaidis, Richard Shannon na wenzao waliripoti kwamba peptidi ya GLP-1, ikitiririshwa mwilini kwa saa 48, iliboresha kazi ya moyo kwa mbwa ambao moyo wao ulidhoofishwa kwa kuendeshwa kasi na kifaa cha umeme. Matumaini yakapanda. Baadaye liraglutide, dawa ya ukoo huo, ilijaribiwa kwa watu wenye moyo dhaifu. Katika jaribio la FIGHT, wagonjwa 300, haikuleta faida. Katika LIVE, wagonjwa 241, haikuinua kipimo cha msukumo, na matatizo makubwa ya moyo yaliwapata asilimia 10 ya waliotumia dawa dhidi ya asilimia 3 ya wenzao. Ukoo huohuo wa dawa ulikuja kupata nafasi yake mwaka 2023, kwa wagonjwa wengine kabisa: watu wanene ambao moyo wao unabana vizuri ila haulegei sawasawa kupokea damu. Semaglutide iliwapunguzia dalili na uzito katika jaribio la STEP-HFpEF lenye watu 529. Swali la maana, basi, ni moyo umeshindwa kwa njia ipi, na kwa nani.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki swali hilo si la mbali. Uchunguzi wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 1,006 wa nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta shinikizo la damu likiwa chanzo kwa asilimia 45 hivi ya waliolazwa kwa moyo kushindwa. Kuziba kwa mishipa ya moyo, ambako ndiko kulikoigizwa kwa mbwa wa Detroit, hakukufika asilimia 8.

Dai la tatu: "Basi majaribio ya mbwa ni ukatili usio na faida"

Hili ni dai la upande wa pili, nalo linavutia kwa sababu limejengwa juu ya majibu niliyotoka kuyatoa. Lakini linapita mpaka.

Tuanze na historia. Insulini, peptidi mashuhuri kuliko zote, ilithibitishwa kwa mbwa. Mwaka 1921, Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwatoa mbwa kongosho wakapata kisukari, kisha wakawashushia sukari kwa dondoo ya kongosho. Mapema mwaka uliofuata mtoto aliyekuwa akifa kwa kisukari alichomwa dondoo hiyo na akapata nafuu.

Tukirudi kwenye moyo, mbwa wa vijipira vya plastiki wana rekodi yao, na si mbaya. Mwaka 1994 Sabbah na wenzake walijaribu dawa tatu kwa mbwa wa aina hiyohiyo, zikiwemo enalapril na metoprolol. Wakati huo madaktari wengi waliogopa kumpa mgonjwa wa moyo dhaifu dawa inayopunguza kasi ya moyo kama metoprolol. Ilionekana ni kumsukuma anayeanguka. Mbwa walionyesha kinyume: dawa hizo mbili zilizuia moyo usiendelee kutanuka na kudhoofika. Mwaka 1999 jaribio la MERIT-HF, lenye wagonjwa 3,991, lilionyesha kwamba metoprolol inapunguza vifo kwa asilimia 34. Kwa hiyo mbwa hawa wamewahi kusema kweli, na wamewahi kutupa matumaini ambayo wagonjwa hawakuyathibitisha. Ushahidi wa namna hiyo hupewa uzito unaolingana na rekodi yake, haubebwi kama sheria wala hautupwi kama uvumi.

Pamoja na hayo, suala la maadili lipo na halifutiki kwa mafanikio. Wanyama wale walifanywa wagonjwa kwa makusudi, na jaribio lilipokwisha uhai wao nao ulikwisha. Gharama hiyo inamdai mtafiti atumie idadi ndogo inayotosha kutoa jibu, achapishe hata yale yasiyompendeza, na ataje nani amelipa. Fedha za kazi ya Detroit zilitoka kwa sehemu katika ruzuku ya serikali ya Marekani na kwa sehemu kwa Stealth BioTherapeutics, kampuni inayoiendeleza dawa hii. Hilo halibatilishi matokeo, lakini msomaji ana haki ya kulijua.

Njia nyingine ipo pia: kuwatibu mbwa wa nyumbani waliougua wenyewe, kwa idhini ya wenye mbwa. Mnyama hufanyiwa jaribio huku akitafutiwa nafuu, na anarudi nyumbani. Nitaifikia njia hiyo katika dai la mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyotupa majibu bora tuliyo nayo kuhusu moyo wa mbwa.

Dai la nne: "Peptidi ni kitu cha asili, haina madhara"

Sumu ya nyoka nayo ina peptidi, na ni ya asili kabisa. Peptidi ni mnyororo wa asidi amino tu. Mnyororo mmoja hushusha sukari, mwingine huzuia damu kuganda, mwingine huua. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Elamipretide yenyewe haipatikani popote katika mwili. Moja ya asidi amino zake imegeuzwa umbo ili vimeng'enya visiikate haraka, na nyingine imeongezewa vipande vya kikemia. Huo ni ufundi wa maabara, na ni ufundi mzuri. Katika majaribio ya watu, malalamiko ya kawaida yalikuwa pale ilipoingia sindano: wekundu, mwasho, maumivu, uvimbe. Si mambo ya kutisha, ila kwa dawa ya kuchomwa kila siku si madogo pia.

Aliyeshikilia kwamba cha asili hakidhuru aitazame nesiritide. Hiyo ndiyo peptidi ya BNP yenye asidi amino 32, ambayo moyo wa binadamu huitoa wenyewe unapoelemewa. Marekani iliiidhinisha mwaka 2001 kwa wagonjwa wa moyo waliozidiwa. Miaka minne baadaye wachambuzi wakaanza kuuliza kama inaumiza figo na kuongeza vifo. Ilihitajika ASCEND-HF, jaribio la wagonjwa 7,141 lililochapishwa mwaka 2011, kulimaliza suala: haikuongeza vifo wala kudhuru figo, lakini haikupunguza vifo wala kurudi hospitali, na shinikizo la damu lilishuka kupita kiasi kwa wengi zaidi. Miaka kumi ya matumizi ilitangulia jibu hilo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Hata pale peptidi ya asili ilipozaa dawa kubwa ya moyo, kazi haikuishia kwenye asili. Peptidi ya sumu ya nyoka wa Brazil, Bothrops jararaca, iliwaonyesha watafiti namna ya kuzuia kimeng'enya kinachopandisha shinikizo la damu. Ilikuwa lazima ichomwe sindano. Wanakemia wakatengeneza molekuli ndogo ya kumezwa inayofanya kazi hiyo, captopril, ikaidhinishwa mwaka 1981. Enalapril ya watu na benazepril wanayopewa mbwa ni ndugu zake.

Dai la tano: "Marekani imeshaiidhinisha, kwa hiyo mjadala umekwisha"

Ni kweli kwamba Septemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha elamipretide kwa jina la Forzinity. Ila swali ni: kwa ugonjwa gani?

Iliidhinishwa kwa ugonjwa wa Barth, maradhi ya kurithi yanayowapata watu wachache mno, hasa wavulana. Hitilafu ya jeni inayoitwa TAZ huwafanya washindwe kutengeneza kadiolipini kamili, na misuli yao, pamoja na moyo, hukosa nguvu. Hapa dawa na ugonjwa vinakutana mahali pamoja: dawa inayoshika kadiolipini kwa mtu ambaye kadiolipini yake ndiyo yenye kasoro. Hata hivyo idhini ni ya masharti, kwa wagonjwa wenye kilo 30 au zaidi, na ilitolewa kwa kuangalia kuongezeka kwa nguvu za misuli ya goti. Kampuni bado inadaiwa ushahidi wa kuthibitisha faida yenyewe. Miezi michache tu kabla, FDA hiyohiyo ilikuwa imelikataa ombi hilo.

Kwa wagonjwa wengine wa mitokondria habari haikuwa nzuri. MMPOWER-3, jaribio la watu 218 kwa wiki 24, halikuonyesha kwamba dawa inawaongezea umbali wa kutembea wala kuwapunguzia uchovu. Na kwa moyo ulioshindwa kwa sababu za kawaida, hakuna idhini iliyotolewa katika uamuzi ule. Anayeitumia idhini ya Barth kuuza sindano za moyo anatumia cheti cha mtu mwingine.

Dai la sita: "Mbwa wangu ana ugonjwa wa moyo, jaribio lilikuwa la mbwa, kwa hiyo dawa hii inamhusu"

Hili ndilo dai lenye huruma ndani yake, na ndilo linaloweza kuleta hasara ya haraka.

Jaribio lilifanywa kwa mbwa, lakini halikufanywa kwa ajili ya mbwa. Walikuwa mfano wa ugonjwa wa binadamu. Mbwa wa nyumbani ni nadra kuziba mishipa ya moyo. Wengi wanaougua moyo, hasa wa mbari ndogo waliozeeka kama Cavalier King Charles, huwa na vali ya mitrali iliyoharibika na kuvujisha damu kurudi nyuma. Mbwa wakubwa kama Doberman huugua zaidi misuli ya moyo inayotanuka na kulegea. Ugonjwa wa mbwa wa Detroit haukuanzia kwenye vali, na haukutokana na urithi.

Kwa magonjwa hayo ya kweli ya mbwa, majaribio yapo, na yalifanywa kwa mbwa wenye majina, vitanda na wenyewe wanaowapenda. QUEST, mwaka 2008, lilikuwa na mbwa 260 waliokwisha kushindwa moyo kwa sababu ya vali. Waliopewa pimobendan walikaa siku 267 kwa wastani wa kati kabla ya kufa kwa moyo au tiba kushindwa, dhidi ya siku 140 kwa waliopewa benazepril. EPIC, mwaka 2016, lilichukua mbwa 360 ambao moyo ulikuwa umetanuka lakini dalili hazijaanza. Pimobendan iliwapa siku 1,228 kabla ya moyo kushindwa au kifo cha moyo, dhidi ya 766 kwa wenzao. Hiyo ni miezi 15 ya ziada. PROTECT, mwaka 2012, ilionyesha faida ya namna hiyo kwa Doberman: siku 718 dhidi ya 441.

Pimobendan ni ya kumezwa, haina peptidi ndani yake na haina hadithi ya kusisimua, lakini inao ushahidi ambao sindano ya SS-31 haijaupata kwa mbwa wa nyumbani: mbwa wengi, ugonjwa wenyewe, na siku za maisha zilizohesabiwa. Ukinunua badala yake kichupa kilichoandikwa "kwa utafiti tu", hujui kilichomo, hujui kipimo, na mbaya zaidi unaahirisha tiba iliyopo.

Cha kufanya ni rahisi kukisema. Mbwa mwenye kikohozi kisichoisha, anayechoka upesi au anayezimia apelekwe kwa daktari wa mifugo asikilizwe moyo na, inapowezekana, apigwe picha ya kifua na ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Nyumbani, hesabu pumzi zake akiwa amelala usingizi: kupanda na kushuka kwa kifua ni pumzi moja. Mbwa mtulivu huwa chini ya 30 kwa dakika. Zikizidi hapo mara kwa mara, huenda maji yanajaa kwenye mapafu, na furosemide, dawa ya kukojosha, ndiyo inayohitajika kwanza, kwa kipimo cha daktari na bila kungoja kesho.